Hasira za Namvumo na Ukoo wa Jiwe la Chokaa

Enzi hizo mawe yote ya milima ya Upare yalikuwa ya ukoo mmoja, meusi na matulivu. Ulichome, ulimwagie kitu, jiwe lilinyamaza. Sikilizeni basi hasira zilivyoyaingia.

Namvumo na mumewe walichimba ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, kwa mikono yao. Majirani waliwasaidia kubeba udongo, na kila jioni Namvumo aliwapikia makande, wakala pale pale ukingoni. Kisha mume akafa, na kabla matanga hayajaisha, ndugu wa marehemu, Senkoro, akaita baraza akadai kwamba ndiva ile ilichimbwa na baba yake, hivyo mwanamke hana fungu.

Namvumo alisimama. Viganja vyake vilikuwa bado na sugu za jembe.

"Majirani, semeni! Nani aliyechimba?"

Mmoja akakuna goti. Mwingine akatazama mawingu. Senkoro alikuwa amewaahidi zamu ya kwanza ya maji.

"Mlikula makande yangu! Leo midomo imeshonwa?"

Bintiye Nakiete peke yake ndiye aliyepaza sauti: "Mama hasemi uongo!" Wakamwambia mtoto anyamaze.

Senkoro akacheka. Akachota kata ya maji ya ukwaju waliyokuwa wakinywa wazee, akammwagia usoni. "Poza moyo, shemeji."

Moyo haukupoa. Namvumo alihisi hasira zikimpanda kutoka nyayoni, na kila tone la ukwaju lilipomgusa, ngozi ilichemka ikatoa povu. Akawa wa kijivu. Miguu ikazama ardhini, mwili ukatanuka ukawa jiwe hadi chini ya ndiva. Nakiete akamkumbatia, naye akageuka jiwe jeupe linalong'aa. Jiwe la Namvumo likapasuka, likafungua mapango, na maji yote yakadidimia kwa kishindo. Majirani walitaka kukimbia. Wakakakamaa pale pale walipoketi, wakawa mawe magumu, baridi.

Senkoro aliyatafuta maji kama kichaa. Akarundika kuni juu ya jiwe, akalichoma usiku kucha ili alivunje. Asubuhi lilikuwa jepesi, jeupe kama unga. Akaona ameshinda, akainama na kulimwagia mtungi wa maji. Jiwe likanguruma, likachemka bila moto, likamrukia machoni. Alikufa kipofu, akiomba maji kwa majirani waliokwisha kuwa mawe.

Na tangu siku hiyo, hakuna anayeinama juu ya chokaa iliyochomwa akaimwagia maji. Tangu siku hiyo pia, mwashi wa kwetu akiokota jiwe asilolijua, hulikwaruza kwa kisu, kisha hulidondoshea ukwaju au ndimu. Likikwaruzika na kutoa povu, ni la ukoo wa Namvumo, liwe jiwe la chokaa la kijivu kama yeye au marumaru iliyotakata kama bintiye. Limetokana na mtu aliyeumia, ndiyo maana kisu kinaliumiza.

Lisipokwaruzika wala kutoa povu, ni gumegume, jiwe gumu la ukoo wa majirani wale. Na mtu anayeijua kweli, akakaa barazani akainamisha uso, sisi hatumwiti mwoga. Mwoga angalau hukimbia. Huyo tunamwita gumegume, tena mbele ya wanawe.