Ngurumo Iliyorithiwa

Msinune, mafundi wenzangu. Aliyeshika gasketi isiyokaa asiitupe, aiweke chini tu, asikilize adha hii ilikoanzia.

Hapo zamani magari yalikuwa machache, na kila moja lilitambulika kwa sauti kabla halijatokeza kwenye kona. Siku hizo injini ilipewa jina lake peke yake, na ilipokufa, jina lilizikwa nayo. Ukilitaja, fundi alijua nati zake, mafuta yake na hata maradhi yake. Aliyetumwa spea alirudi na spea, si na ugomvi.

Katika milima ya Upare alikuwako mtengenezaji wa injini aliyeitwa Mshighati. Injini yake ya kwanza aliiita Ngurumo. Ilipandisha tangawizi na kushusha wagonjwa, mvua na jua, mpaka watu wakawa wanaapa kwayo. Lakini hakuna kisichochakaa. Ngurumo ilianza kunywa oili kama maji na kutoa moshi uliowaliza wanawake sokoni, na Mshighati akakubali kwamba siku zake zimekwisha.

Akajifungia karakanani akaunda nyingine. Hii ilikuwa ndogo, tulivu, isiyopenda mafuta, na iliiweza milima kuliko ile ya kwanza. Akaiita Nyuki. Hakuwahi kupenda kazi ya mikono yake kama alivyoipenda Nyuki.

Akaiweka kwenye lori jipya mbele ya karakana, akangoja. Waliosema chema chajiuza hawakuwahi kuuza injini. Watu walikuja, wakapapasa boneti, wakauliza Ngurumo iko wapi. Akawaeleza kwamba hii ni bora. Wakamjibu kwa upole kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, wakaenda zao. Msimu mzima wa tangawizi ulipita hivyo. Mafundi wake wakaanza kuaga mmoja mmoja, na Mshighati akaona wazi kwamba akifika msimu wa pili bila mnunuzi, karakana itakuwa banda la mbuzi. Alichoka kueleza. Alichoka hata kusalimiwa, kwa sababu kila salamu iliishia kwenye swali lilelile.

Wakati huo mkwewe akajifungua mtoto wa kiume, na kwa desturi akapewa jina la babu wa ukoo aliyekuwa amefariki, Mzee Kiangi, mtu aliyesifika kwa nguvu na busara. Basi nyumba ikajaa. Wazee wakakiinamia kile kichanga wakakiamkia, "Shikamoo, babu." Wakakiletea jogoo na jembe. Mmoja akasema amekwisha kuiona busara kwenye paji la uso. Mshighati alikaa pembeni amekunja uso. Mtoto ambaye shingo yake haijakaza ameaminiwa mchana mmoja, na Nyuki iliyokwisha kupanda kila mlima haina wa kuigusa.

Mkewe, Nakiete, alikuwa amechoshwa na huo uso.

"Unawaletea watu mgeni, halafu unanuna hawamkaribishi," akamwambia. "Mpe jina la marehemu."

"Huo ni uongo. Hazifanani hata nati moja."

"Na huyu mtoto amefanana nini na Mzee Kiangi? Hata meno hana."

Asubuhi Mshighati akafuta jina la Nyuki kwenye boneti, akaandika Ngurumo.

Kabla ya adhuhuri lori lilikuwa limenunuliwa, na watu wakagombania linalofuata. Waliinamia injini ile isiyosikika wakasema ndiyo sauti yenyewe. Wakaisifu kwa wagonjwa ambao haikuwabeba. Mafundi wakarudi, tanuri likawaka, na Mshighati akapokea pongezi zote akiwa amebana meno.

Kisha akaja Mama Nakijwa, ambaye lori lake la zamani lilikuwa limezimika na mzigo mlimani. Akataka pampu ya Ngurumo, akapewa, akaondoka. Akarudi jioni amepakaa grisi mpaka kwenye kilemba, pampu mkononi, akilalama kwamba haiingii. Mshighati akamuuliza lake ni Ngurumo ipi.

"Ngurumo ni Ngurumo," akasema yule mama. "Au ulituuzia nini?"

Mshighati akaona imetosha. Siku ya soko akasimama akatangaza kwamba hii si Ngurumo, ni injini nyingine kabisa, jina lake Nyuki. Watu wakamwonea huruma. Wakasema mzee amezidiwa na kazi, sasa anamkana mwanawe hadharani. Akarudi nyumbani, hakulisema tena. Baadaye aliunda injini ya tatu, iliyozipita zote mbili, na hakuna aliyemuuliza ataiitaje.

Na tangu siku hiyo watengenezaji wa magari huzipa injini mpya majina ya zilizokufa. Injini huzaliwa na sifa isiyoitolea jasho, aliyeiunda husifiwa kwa kazi ya marehemu, nasi tunasimama dukani tukiulizwa ni ya zamani au ya sasa, tusijue la kujibu. Lakini mkitaka wa kumlaumu, mwacheni Mshighati. Nyuki ilisimama pale msimu mzima ikiwa na jina lake, na waliopapasa boneti wakaenda zao ni babu zetu.