Dari la Turubai

Wahenga walituonya kwamba anayeficha ugonjwa wake hamdanganyi tabibu pekee, hujidanganya na yeye mwenyewe. Siri hiyo ikija kutoka, hutoka pamoja na roho. Wengi hudhani maneno hayo yanahusu homa na vidonda tu. Bi Brashi alikuja kujua kwamba hata nyumba huugua, na hata nyumba hufichiwa maradhi.

Nyumba yenyewe ilikuwa jumba la maigizo na sinema, lililojengwa kabla hajazaliwa, kwenye kona zinapokutana barabara mbili kubwa za mji. Lilikuwa na viti elfu moja vya mahameli nyekundu, ngazi za marumaru, na dari lililonakshiwa maua ya plasta yenye rangi ya dhahabu. Siku za filamu mpya foleni ililizunguka kama mkanda kiunoni. Watu walichumbiana humo, wakaoana, wakarudi na watoto wao. Bi Brashi alirithi kazi ya baba yake ya kuchora mandhari za jukwaani, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa baba. Alipochora mlango kwenye turubai, mwigizaji mgeni aliwahi kuunyooshea mkono aufungue. Ndipo akapachikwa jina hilo, na jina la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, ua moja la plasta lilidondoka katikati ya viti vitupu. Bi Brashi alipanda juu ya dari na tochi. Boriti zilikuwa nyeusi. Alichomeka kidole, kikazama kama kwenye ndizi iliyoiva kupita kiasi. Alama ya maji mahali pale alikuwa ameiona miaka miwili nyuma, akaipaka rangi na kunyamaza.

Alikwenda mbio kwa meneja.

"Bosi, boriti zimeoza."

"Shh! Unataka mji mzima usikie?" Meneja alifunga mlango. "Wiki ijayo watu wa halmashauri wanakuja kukagua majengo ya zamani. Wakiliona dari hilo watatufunga siku hiyohiyo. Wewe si ndiye unayechora mawingu watu wakatafuta miavuli? Nichoree dari."

"Dari, bosi?"

"Funika kombe, mwanaharamu apite. Wakishaondoka, tutatengeneza polepole."

Angeweza kukataa. Kilichomfunga mdomo hakikuwa woga wa meneja, bali aibu. Jumba lile lilimlea na kumsomesha. Kulivua nguo mbele ya wageni aliona ni sawa na kumvua nguo mama yake mzazi. Tena ile alama ya maji ingemuumbua. Basi wafanyakazi wakapewa likizo ya siku sita, na kwa siku hizo Bi Brashi alichora maua ya dhahabu kwenye turubai, kila ua na kivuli chake. Seremala akalitundika chini ya dari lililooza.

"Dada, hili limelishinda la kweli," seremala alisema akishuka ngazi. Bi Brashi aliona fahari, kisha akaionea haya fahari hiyo.

Mhandisi wa halmashauri alikuwa binti mdogo mwenye viatu vya vumbi. Alitazama juu kwa muda mrefu.

"Limetunzwa vizuri ajabu," alisema, kisha akamgeukia Bi Brashi. "Mama, wewe umekaa humu kuliko wote. Hakuna tatizo lolote? Niambie usiogope. Hatukuja kufunga. Tumepewa fungu la kukarabati majengo mawili, na tunatafuta yaliyo hoi zaidi."

Bi Brashi alifungua kinywa. Lakini akisema boriti, itabidi aseme na turubai, na binti huyu amelisifu sasa hivi. Meneja akakohoa.

"Hakuna tatizo, mwanangu," Bi Brashi akasema. "Jumba letu ni zima kama kigongo."

Fungu lilikwenda kwa maktaba na soko la zamani. Meneja alisema wataomba mwakani. Ile "polepole" yake haikuanza hata siku moja.

Msimu wa mvua uliofuata, asubuhi ya mazoezi, mwuza tiketi alisimama kati ya viti akaangalia juu. "Jamani, njooni muone! Dari lina mimba!"

Waigizaji waliangua kicheko. Hawakukimaliza. Turubai lilipasuka, likashuka na maji, plasta na kipande cha boriti. Wengine waliwahi kukimbia. Mwuza tiketi alivunjika bega.

Mhandisi alirudi. Aliokota kipande cha turubai, akakikwangua kwa ukucha mbele ya meneja, seremala na Bi Brashi.

"Nani alichora hiki?"

Meneja aliinamia viatu vyake.

"Mimi," Bi Brashi alinong'ona.

"Una mkono wa ajabu, mama." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomfanya Bi Brashi atamani ardhi ipasuke immeze. "Siku ile tungebadilisha boriti tatu tu. Sasa maji yameshakula kuta. Hakuna la kuokoa."

Siku ya kubomoa, umati ulijaa barabarani. Mbali na wale wanne, hakuna aliyejua kwamba uozo ulifichwa makusudi; gazeti liliandika tu kwamba halmashauri imeamua. Watu walimzomea mhandisi. "Muuaji! Mmekitamani kiwanja!" Mtu akamrushia tope, likamgonga kifuani. Alijipangusa, akamwona Bi Brashi kwenye umati, akageuza uso pembeni.

Mwuza tiketi, mkono mmoja ukiwa bado umefungwa shingoni, alimkumbatia Bi Brashi kwa mkono wa pili. "Pole, dada yangu. Wametuulia nyumba yetu, hawa watu wasio na haya."

Ingekuwa rahisi kulia tu begani mwake. Bi Brashi alijaribu, machozi yakakataa.

"Mwacheni yule binti!" alipaza sauti, ikatoka nyembamba. "Alikuja kutuponya. Aliniuliza kama kuna tatizo, nikamwambia hakuna. Dari lile nililichora mimi, kufunika uozo." Akamgeukia mwenzake. "Hata bega lako, shoga yangu, nililivunja mimi."

Mwuza tiketi alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Mkono wake mzima ukateleza polepole kutoka mgongoni mwa Bi Brashi, ukarudi ubavuni.

Hakuna aliyemtukana. Walimpisha tu. Alipita katikati yao macho yakiwa chini, na nyuma yake ukuta wa kwanza ukaporomoka kwa kishindo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.