Maswali Baada ya Azimio

Kunyamaza si kukubali. Aliyenyamaza huenda amechoka kusema, huenda anapanga lake, au huenda amekwisha kukufuta moyoni nawe hujui. Ndiyo maana waliotutangulia wakatuachia onyo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Onyo hilo liliingia sikio la kulia la mwenyekiti wa kamati ya mipango ya jiji moja likatokea la kushoto, na yaliyompata ndiyo ninayotaka kuyasimulia.

Mwenyekiti huyo watu walimwita Nyundo. Hakuwa mtu mbaya kupindukia. Alikuwa na haraka tu, ile haraka ya mtu anayeamini kwamba akili zote za mji zimekodi chumba kichwani mwake. Katika kamati yake palikuwa na utaratibu wa ajabu: azimio hupitishwa kwanza, maswali huulizwa baadaye. Mtu akinyoosha mkono mapema, Nyundo humwambia, "Subiri, tupitishe kwanza." Akinyoosha baada ya nyundo kugongwa, huambiwa, "Sasa unauliza nini, na limeshapita?" Madiwani waliupenda utaratibu huo kwa sababu uliwawahisha kwenye chai.

Siku ya kujadili soko jipya ukumbi ulifurika wachuuzi. Soko la zamani lingebomolewa, nao wahamie kwenye jengo la ghorofa lililokuwa liking'aa vioo upande wa pili wa jiji. Nguo na viatu vingekaa chini, mboga na vitunguu juu kabisa. Nyundo aliueleza mpango huo kwa mbwembwe, akauliza wanaokubali, madiwani wakaitikia ndiyo kwa sauti moja, na nyundo ikagongwa.

Ndipo aliposimama muuza vitunguu mmoja, mwanamke wa makamo, akishikilia kiti cha mbele yake ili ajinyanyue. Huyo alikuwa dada yake Nyundo, tumbo moja. Wazazi wao walipofariki yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, akamsomesha kwa vitunguu hivyo hivyo mpaka akafunga tai.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, maana mbele za watu alimpa heshima yake, "magoti yangu unayajua. Huko juu nitapandaje kila siku? Na mteja anayetaka vitunguu viwili tu vya mboga ya jioni, kweli atapanda ngazi zote zile?"

"Limeshapita, dada," Nyundo alimjibu huku akicheka. "Ngazi ni mazoezi. Utapungua!"

Madiwani wakaangua kicheko. Upande wa wachuuzi hakucheka mtu. Dada alimtazama mdogo wake kwa muda kama anayemtafuta mtu mwingine ndani ya suti ile, kisha akaketi. Nyundo akauliza kama kuna mwenye neno jingine. Kimya. Akauliza tena, safari hii kwa kejeli, na hata kikohozi hakikusikika.

"Mnaona?" aliwaambia wenzake walipokuwa wakinywa chai. "Wamekubali wote. Watu wetu waelewa sana."

"Mimi kimya kile kimenitisha," karani wa kamati alinong'ona. "Wachuuzi hawa, mheshimiwa? Watu wanaogombana hata na mizani yao?"

"Karani, kunywa chai yako."

Miezi ikapita. Hapakuwa na maandamano wala malalamiko, na mlango wa ofisi ya Nyundo haukubishwa na mchuuzi hata mmoja. Yeye alizidi kunenepa kwa furaha. Jumapili alikwenda kula kwa dada yake kama alivyozoea, katika nyumba ndogo waliyoachiwa na wazazi. Dada alimpakulia, akamnawisha, akamjibu alichoulizwa, basi. Zamani dada huyo aliweza kusimulia habari za mteja mmoja mpaka chakula kikapoa. Jumapili moja Nyundo akaona sebule imejaa vifurushi vilivyofungwa kamba.

"Naona dada unajiandaa kuhama!" alisema kwa bashasha.

"Ndiyo, mdogo wangu. Najiandaa."

Nyundo akafurahi mno. Aliomba aongezewe mchuzi.

Siku ya uzinduzi ikafika. Utepe ulifungwa mlangoni, bendi ikapiga, mgeni rasmi akashuka garini na msafara wake. Nyundo alihutubia mpaka jasho likamtoka, akasema wachuuzi wenyewe ndio walioomba jengo lile. Mgeni rasmi akakata utepe, milango ikafunguliwa, wakaingia.

Hapakuwa na mtu. Ghorofa ya chini vizimba vitupu, ya pili vitupu, na juu kabisa, walikofika wakihema, palikuwa na njiwa wawili tu.

"Mwenyekiti," mgeni rasmi alisema akijifuta uso, "wenye soko wako wapi?"

Nyundo aliomba radhi, akashuka ngazi mbio, akaendesha gari hadi soko la zamani akiwa tayari kuwafokea wakaidi waliogoma kuondoka. Huko alipigwa na bumbuazi la pili. Soko zima lilikuwa tupu, limefagiliwa safi. Mbao za vibanda hazikuwepo, mabati hayakuwepo. Tingatinga la kubomolea lilikuwa limesimama, dereva wake amekaa kivulini, hana cha kubomoa.

"Wamehamia mji jirani, ng'ambo ya daraja," dereva alimweleza. "Baraza la kule limewapa uwanja. Wamekuwa wakivusha mizigo kidogo kidogo. Ina maana mheshimiwa hukujua?"

Nyundo alikumbuka vile vifurushi vya sebuleni. Alifika nyumbani kwa dada yake, akabisha kama mwendawazimu. Mlango ulifunguliwa na mwanamke asiyemjua, mtoto mgongoni.

"Mwenye nyumba?" yule mpangaji alisema. "Alishahama, baba. Hakukuaga?"

Nyundo aligeuza gari, akavuka daraja. Kelele za uwanja ule zilimpokea kabla hajaegesha gari. Watu walikuwa wakinadi, wakibishana bei, wakitaniana na kucheka kwa sauti, wale wale aliodhani hawana midomo. Dada yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, vitunguu mbele yake, anampimia mteja huku akimsimulia kisa kirefu kilichomfanya mteja ashike mbavu.

Alipomwona mdogo wake, kisa kilikatika.

"Karibu," alisema kwa upole. "Nikupimie kiasi gani?"

"Dada, ni mimi!"

"Najua ni wewe."

"Dada, hata mimi? Nyumba ya mama umeweka mpangaji, umehama mji, mimi nduguyo sijui! Kwa nini hukuniambia? Mwaka mzima nakula kwako, ungesema neno moja tu!"

Dada alichagua vitunguu vizuri vizuri, akavitia kwenye mfuko, akampa mteja wake. Kisha akamtazama yule mtoto aliyemlea. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti haikutikisika.

"Nilisema, mdogo wangu. Nilisimama mbele ya jiji zima nikasema, ukawafanya wanicheke. Mtu husema mara ngapi?"

Nyundo alisimama pale, tai imempinda shingoni. Mteja mwingine akamwomba asogee ampishe, naye akasogea. Dada alikuwa ameshaanza kuzungumza na mteja huyo, sauti yake ikachanganyika na sauti za soko zima zilizomvumia Nyundo masikioni. Hapo ndipo alipoamini, na alikuwa amekwisha kuchelewa, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.