Mfarishi na Goti la Babu

Mtu mmoja alikuwa na mwana mmoja, na mke wa mwana huyo alikuwa mjamzito. Mtu huyo aliitwa Asegelile. Alilima viazi katika nchi ya milimani, ambako ukungu huondoka asubuhi ikiwa imekwenda na hurudi jioni kabla ya ng'ombe. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki. Mjukuu huyu angekuwa wake wa kwanza.

Kwao, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Asegelile akitaka kupita karibu na nyumba ya mwanawe alikohoa, na Subilaga, mke wa mwanawe, akaingia ndani. Nyumba zao zilikuwa kwenye ua mmoja. Asegelile alikifahamu kicheko cha Subilaga. Sura yake hakuifahamu. Alijua pia kwamba mtoto akizaliwa atakaa ndani na mama yake mpaka mwezi uishe, na muda wote huo babu hatavuka kizingiti. Hakulalamika. Baba yake aliishi hivyo hivyo. Ila alitamani kitu chake kimoja kiingie chumbani mle siku ya kwanza, kimkumbatie mtoto kabla yeye hajaruhusiwa kumkumbatia.

Akaamua kushona mfarishi: vipande vya nguo juu, kitambaa kizima chini, blanketi kuukuu katikati, na uzi wa kuvishika vyote pamoja. Alikuwa hajawahi kushona hata kifungo.

Alikwenda sokoni kwa fundi cherehani, mama mmoja mcheshi, kuomba mabaki ya vitenge. Fundi akampa mfuko mzima na sindano nene.

"Na jembe umemwachia nani, mzee?"

"Limepumzika. Nionyeshe pa kuanzia."

Fundi akamwonyesha namna ya kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza vipande mahali pake, na namna ya kupita tena juu yake kwa mishono midogo. Asegelile akajidunga kidole gumba, akakinyonya, akajidunga tena.

"Lete nikupitishie kwenye cherehani," fundi akasema. "Kikombe chako cha chai kikiisha, na mimi nimemaliza."

"Cherehani si babu yake," Asegelile akajibu. Akauchukua mfuko wake akaenda.

Alishonea barazani, mbele ya nyumba yake. Mwanzoni hakuna kipande kilichokubali kukaa na mwenzake. Pembe zilipishana. Uzi ulijifunga mafundo. Alifumua jioni alichokishona asubuhi. Jirani mmoja alisimama akautazama mfarishi kwa muda.

"Huu ni wa mtoto, au wa kufunikia viazi?"

"Ni wa mtoto. Bahati nzuri mtoto mwenyewe hajui mstari ulionyooka ukoje."

Lakini mkono ulizoea. Kila asubuhi mwanawe, Andwele, alikuja na habari kutoka ndani. Leo mtoto amepiga teke. Leo mama yake ametamani ndizi za kuchoma. Asegelile alizipokea habari hizo kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, na siku ya teke alishona kipande chekundu. Katikati aliweka kipande cha kitenge cha marehemu mkewe. Aliamka akiwaza rangi. Aliimba akishona, na hapo awali hakuna aliyewahi kumsikia akiimba nje ya kanisa.

Kisha watu wakaanza kusifu. Wapita njia waliingia uani kutazama. Asegelile akafunga kamba barazani akawa anautundika mfarishi, na aliutundika ukiielekea barabara, si nyumba ya mwanawe. Aliyetaka kuugusa aliambiwa kwanza anawe mikono.

Dada yake, Tupokigwe, ndiye aliyekuwa mkunga wa pale kijijini. Alikuja mimba ilipokaribia kutimiza miezi yake.

"Kaka, mfarishi umekwisha. Nipe niufue, uanikwe, ukae tayari."

"Bado pindo."

Akarudi baadaye. Asegelile alikuwa ameongeza safu nyingine ya vipande kuuzunguka wote, na sasa pindo lilipaswa kuanza upya.

"Umekuwa mkubwa kuliko kitanda," Tupokigwe akasema. "Hivi unamshonea nani?"

"Bado kidogo tu, dada."

Uchungu ulianza siku ya mvua, kabla ya mchana. Andwele alikuja mbio kumwambia baba yake, akarudi mbio. Asegelile akaingia ndani akavaa suruali ya sufu, ile ya kanisani, kwa sababu mtu hampokei mjukuu akiwa na nguo za shambani. Akaketi barazani na mfarishi magotini. Upande mmoja wa pindo ndio ulikuwa umebaki.

Alishona kama ambavyo hajawahi kushona. Sindano ilipita matabaka yote bila kukwama. Kila sauti ya Subilaga iliposikika kutoka ng'ambo ya ua, yeye alivuta uzi kwa nguvu zaidi. Kisha pakawa kimya. Kisha mtoto akalia.

Vigelegele vikapigwa. Asegelile akakata uzi kwa meno. Tupokigwe alikuwa tayari anakuja mbio kwenye mvua.

"Msichana! Kaka, ni msichana! Lete upesi, baridi hii!"

Asegelile akanyoosha mikono, akampa. Tupokigwe akaushika mfarishi akageuka kukimbia, na kaka yake akamfuata akirukaruka kwa mguu mmoja.

"Achia basi!"

"Nimeachia!"

"Umeachia nini, na unanivuta?"

Hakusimama kuuliza zaidi. Walifika mlangoni hivyo hivyo, Tupokigwe mbele, Asegelile nyuma ameugeuzia mlango mgongo ili asivunje mwiko. Wanawake waliokuwa ndani wakaushika mfarishi wakavuta. Ukagoma. Wakavuta tena, na babu akapepesuka. Hapo ndipo Tupokigwe alipoinama akaona. Pindo lilikuwa limeshonwa pamoja na suruali, juu ya goti, toka upande hadi upande. Ilikuwa mishono midogo, iliyobana, iliyonyooka. Katika mfarishi mzima hapakuwa na mishono mizuri kama hiyo.

Habari ilipoingia ndani wanawake wakaangua kicheko, na cha Subilaga kilikuwemo, kimechoka lakini kinatambulika. Mtoto hakucheka. Alikuwa bado amelowa, na khanga aliyozungushiwa ilikuwa nyepesi kwa hewa ya siku ile.

Mkasi wa mkunga ukatolewa nje. Asegelile akaupokea, akautazama, akalishika pindo kwa vidole. Kufumua mishono ile kungechukua mchana wote. Kukata pindo kungelifungua blanketi la ndani, na safu ile ya nje, aliyoiongeza watu walipoanza kusifu, ingeharibika. Suruali ya sufu alikuwa nayo hiyo moja tu.

"Nifumue polepole," akasema. "Mishono hii, dada, hebu itazame. Dakika chache tu."

Tupokigwe hakuitazama.

"Kaka, mmoja wenu tu ndiye anayeingia humu. Kata."

Asegelile akapitisha mkasi kwenye suruali. Alikata kulizunguka goti lote, haraka, bila kupima. Mfarishi ukaponyoka ukaingia ndani kama kitu kilichokuwa kikisubiri ruhusa, na kipande cha sufu nyeusi kikining'inia kwenye pindo lake. Mlango ukafungwa. Muda si mrefu kilio kikapungua, kikawa mguno, kikaisha.

Yeye akabaki nje ya mlango, mvua inampiga gotini. Alikuwa akicheka kwa sauti kubwa hata jirani akaja kuuliza kulikoni. "Nimeingia," akamwambia. "Mimi nimeshaingia!"

Nasi tunazo kazi ambazo tumesema miaka yote kuwa ni za wanaokuja nyuma yetu. Siku watakapolia kuzitaka, tukakuta zimeshonwa pamoja na magoti yetu, mkasi tutaupitisha upande gani?