Fisi na Milango Mia Tatu

Sikieni kisa cha mlafi, na mwenye tabia zake asininunie.

Mwaka ule kiangazi kilikausha visima vyote, kikabaki kimoja cha Mfalme Simba. Maji yakawa ya mgao: kila nyumba na namba yake, na Swala mjumbe akipeleka kibuyu kimoja kwa kila namba. Namba zilikuwa mia tisa tisini na tisa. Kwa nini zisiongezwe? Simba hakujua kuhesabu zaidi ya hapo, na nani angethubutu kumwambia?

Digidigi, aliyekuwa na mtoto mchanga, akaenda kuomba namba. "Zimekwisha," akaambiwa. Akarudi na mwanawe anayelia kiu.

Zilikuwa kwa Fisi. Alijiandikishia mia tatu, eti za wajukuu, na hata mke hana! Ili asishtukiwe, alichimba mashimo kila kilima, hapa moja, kule moja, kila shimo likijifanya mlango wa nyumba. Maskini Swala akakariri njia zote, moja moja, mpaka akaanguka njiani.

"Una nini, dada?" Sungura akamuuliza.

"Kichwa kimejaa njia za wajukuu wa Fisi. Ikiongezwa njia moja, nakufa."

Sungura akaenda kwa Simba, akayasifia manyoya yake weee, akatoka na amri mpya. Kisha akamwendea Fisi.

"Mzee Fisi, kuanzia kesho Swala atafikisha maji vilimani tu. Kila kilima kina mkubwa wake, naye ataita namba za hapo kilimani. Vilima vyote vitaita adhuhuri, kwa pamoja. Mwenye namba aitike mlangoni mwake na kupokea kwa mkono wake. Asiyeitika, namba inarudi kwa Mfalme."

"Usinipunje hata kibuyu kimoja!" Fisi akafoka.

"Nani akupunje, mzee? Wewe itika tu."

Adhuhuri wakaanza kuita. "Nipo!" Fisi akaitika kilima cha kwanza. Kabla hajashika kibuyu, akasikia namba yake ikiitwa kilima cha pili. Akaona kibuyu kimoja si kitu, akatimua mbio. Alipofika, wameshaipita namba yake. Akakimbilia cha tatu, wameshapita. Wanyama walimcheka mpaka wakamwaga maji.

Namba mia tatu zikarudi. Digidigi akapewa moja, na mwanawe akanywa mpaka akasinzia.

Fisi akaja kwa Sungura akihema. "Nipe moja tu, mwanangu, nakufa kwa kiu."

"Bila shaka, mzee. Unakaa wapi, nikuandike?"

Fisi akageukia kilima hiki, akageukia kile, asijue ataje kipi.