Bega la Mzee Nyani

Mwaka huo mvua ilikataa kuja, na haikutoa sababu. Mto ukawa mchanga, mchanga ukawa vumbi, na katika nchi nzima ya wanyama kikabaki kisima kimoja. Kilikuwa cha Simba, kwa kuwa kila kitu kilikuwa cha Simba. Asubuhi kisima kilikuwa na maji. Ikifika saa sita kilikuwa na tope. Aliyefika mwisho alilamba tope akashukuru, maana asiyeshukuru alionekana ana siasa.

Ugomvi wa foleni ukawa mkubwa. Simba, ambaye yeye hunywa kabla foleni haijaanza, alichoshwa na kelele. Akatangaza kwamba foleni itapangwa kwa mchezo wa mabungo, ule wa kila mwaka.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Ndovu watatu kutoka ng'ambo ya bonde wangesimama mmoja mmoja wakiwa wameshika marungu kwa mikonga. Warushaji wa Simba wangewarushia mabungo makavu, magumu kama mawe. Ndovu akipunga rungu mara tatu bila kugusa bungo, ametolewa. Wanyama wasio na vidole wasingerusha wala kupiga. Wao wangechagua warushaji wawili wawili na kuwahesabu kuwa timu yao, timu ya kichwani tu. Kila ndovu atakayetolewa na mrushaji wako, pointi ni yako. Mwenye pointi nyingi atatangulia kisimani mpaka mvua irudi.

"Kwa nini tusipange foleni kwa kiu?" Swala aliuliza.

Lilikuwa swali zuri. Swala hayupo tena.

Tusidanganyane, mchezo haukuwa wa wote. Chui, Nyati na mashemeji zao walishapewa nafasi za mbele kwa utaratibu mwingine ambao haukubandikwa ubaoni. Ushindani ulikuwa wa waliobaki, nao walikuwa watatu: Fisi, ambaye hajawahi kushiba; Ngiri, ambaye huamini lolote aliloambiwa mwisho; na Sungura, ambaye alikuwa amesoma mpaka masomo yakaisha na bado alichimba mizizi kama baba yake. Kwa hali ya kisima, wa kwanza kati ya hao angepata maji, wa pili angepata maji ya kutafuna, na wa tatu angepata tope.

Warushaji walikuwa sita. Ngedere alikuwa na kasi na kelele nyingi. Tumbili na Mbega walikuwa wa kawaida. Kima alikuwa hodari, ila kila mwaka aliambiwa hana uzoefu, na ili apate uzoefu ilitakiwa kwanza awe nao. Komba alifanya kazi usiku, na mchezo ulikuwa saa nne asubuhi. Wa sita alikuwa Mzee Nyani.

Enzi zake, Mzee Nyani alirusha bungo na ndovu wakaomba radhi. Kisha, katika ukame uliopita, bega lake lilichomoka katikati ya mtupo. Akaondolewa uwanjani kwa makofi, na makofi yalipoisha hakuna aliyemfuata nyumbani. Sasa wanyama walimwona kila asubuhi nyuma ya kichuguu, akirusha peke yake. Je, mzee amerudi, au anajifariji? Hilo ndilo lililokuwa swali la nchi.

Fisi alikwenda kuchungulia. Aliona mtupo wa polepole akacheka. Akaona bungo la kwanza likianguka kwenye jani moja kavu. La pili likaangukia palepale, la tatu vilevile. Katika mabungo kumi, tisa yalipiga jani lile mpaka likawa unga. Fisi akaacha kucheka.

Kwa kura, Fisi ndiye angechagua kwanza, kisha Ngiri, kisha Sungura, halafu mzunguko urudie. Kwa mzunguko wa kwanza alishamtaka Ngedere. Lakini tumbo la Fisi halijui neno "au", linajua "na" tu. Alimtaka Ngedere na Nyani. Ilibidi Nyani asichukuliwe na mtu mpaka mzunguko wa pili.

Akaenda kwa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa juu ya mti na kuchambua.

"Ndugu mchambuzi," Fisi alisema, akimwekea panzi watano wanono. "Nimesikia bega la Nyani limeoza."

"Umesikia wapi?"

"Kwako. Kesho."

Hondohondo alimeza panzi wa kwanza, akaelewa.

Kesho yake sauti ilimiminika kutoka mtini. "Wapenzi wasikilizaji, kwa mujibu wa data, bega la Mzee Nyani ni finished! Mshipa umelegea, kifundo kimekauka, na umri, jamani, umri! Sorry to say, tumheshimu, tumsahau."

"Data gani?" Ngiri aliuliza kutoka chini.

"Data."

Ngiri akainamisha kichwa kwa heshima. Hadi jioni nchi nzima ilikuwa na utaalamu wa mabega. Habari zikamfikia Simba akiwa na wageni wake ndovu, naye, asijue kukaa kimya mbele ya wageni, akasema, "Hilo la Nyani nimeliona zamani. Nimeamua kumpumzisha, kwa hekima."

Sungura peke yake alijisumbua kutembea hadi kichuguuni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniangalia bega, au kunizika?"

"Kuangalia tu. Linauma?"

"Linauma. Na goti linauma, na masikio yanauma, hasa Hondohondo akiamka." Mzee Nyani akaokota bungo. "Zamani nilimtisha ndovu kwa kasi. Sasa kasi sina. Ila ndovu akishika rungu, anataka kujua bungo litafika saa ngapi. Hilo simwambii."

Akarusha. Bungo lilikwenda kana kwamba limeitwa na mtu lisiyempenda, kisha ghafla likazama na kupiga kibanzi cha mti alichokiweka yeye mwenyewe.

"Upo sawa kabisa, babu!"

"Najua nipo sawa. Tatizo ni kwamba najua mwenyewe tu. Mrushaji aliyerusha siku hiyo hunywa pamoja na warushaji. Asiyerusha ni nyani mzee, na nafasi yake ni nyuma yenu wote, baada ya tope." Akajikuna begani. "Kima anaambiwa hana uzoefu. Mimi naambiwa ninao mno. Sijui huo wa kutosha anao nani."

Sungura akarudi akiwa na mawazo. Bega lilikuwa zima. Lakini aliyeamua nani arushe alikuwa Simba, na Simba alikwisha kusema mbele ya wageni.

Siku ya kuchagua, Fisi alifungua. "Ngedere!"

"Tumbili," alisema Ngiri.

Ikawa zamu ya Sungura. Fisi alibana pumzi mpaka mbavu zikahesabika. Sungura alimtazama Mzee Nyani kwa muda mrefu, akashusha macho.

"Mbega."

Fisi akaachia pumzi. "Mimi jamani nina huruma," alisema, akijifuta jicho ambalo halikuwa na chozi. "Nitamchukua yule mzee. Si vizuri mtu akae mpaka mwisho kama chakula kilichochacha."

"Mjomba!" Ngiri aliangua kicheko. "Bega limekwisha! Kuna data!"

"Ndivyo nilivyo, mpwa wangu. Moyo wangu ndio unaoniponza."

Ngiri akamchukua Kima. Kwa Sungura akabaki Komba, ambaye aliambiwa habari njema akiwa usingizini.

Saa nne ya siku ya mchezo, Ngedere aliingia akijipiga kifua. Alirusha kwa kasi ya kutisha, na kila bungo lilinyooka kama lingine. Ndovu wa kwanza akaliona linakuja, akalikaribisha kwa rungu, likavuka bonde. Wa pili akafanya vilevile. La tatu lilimwangukia Ngiri mgongoni. Pointi za Fisi: sifuri.

Tumbili alitoa ndovu mmoja. Mbega akatoa mmoja. Kima hakuitwa, uzoefu. Komba aliitwa mara tatu, akakoroma mara tatu.

Simba akapiga mwayo. "Basi, tumemaliza."

"Bado, Mtukufu!" Fisi aliruka. "Bado Nyani!"

"Nyani yupi? Yule wa bega bovu?"

"Ni zima, Mtukufu! Mtazame!"

"Hondohondo alisema limeoza."

"Nilinukuu chanzo," Hondohondo alisema harakaharaka kutoka mtini, akisogea tawi la juu zaidi.

"Chanzo gani?"

Hondohondo hakuwa na panzi hata mmoja wa kumzuia. "Fisi."

Macho yote yakageuka. Fisi alilitazama tope, akamtazama Nyani. Kiu ikashinda aibu, maana aibu yenyewe haikuwa kubwa.

"Ni kweli, mimi ndiye. Nilidanganya. Bega halina ubaya wowote. Basi arushe!"

Ndovu mmoja akacheka puani, na puani kwa ndovu ni parefu. Simba akahisi manyoya ya shingo yakimsimama. Alikuwa amewaambia wageni kwamba aliliona bega bovu kwa macho yake. Kama bega lilikuwa zima, basi mfalme alikuwa mpumbavu. Akaanza kumsogelea Fisi taratibu, kama alivyomsogelea Swala.

Hapo Sungura akajitokeza, akapiga magoti.

"Mtukufu, usimsikilize Fisi. Hakudanganya. Bega lilikuwa limeoza kweli, wewe mwenyewe uliliona. Ukaamuru lipumzishwe. Limepumzika, limepona. Anayejua dawa kama hiyo ni nani, kama si wewe?"

Simba alisimama. Alilionja wazo hilo, akaliona tamu.

"Nilimponya," alisema.

"Ulimponya, Mtukufu."

"Nilikuwa nasubiri nione nani atatambua." Akawageukia ndovu. "Mnaona? Kwetu hata mabega yanatii. Nyani, simama urushe!"

Mzee Nyani alisimama, akipangusa vumbi kwa mkono uleule wa hadithi zote hizi.

"Wangu!" Fisi alipiga kelele. "Huyo ni wa timu yangu!"

"Samahani, mjomba," Sungura alisema kwa adabu nyingi. "Wewe ulichagua Nyani mgonjwa, kwa data. Huyu aliyeponywa na mfalme ulimchagua lini?"

Fisi alifungua mdomo kusema hakukuwa na mgonjwa yeyote. Akaona kucha za Simba. Akaufunga.

"Kweli kabisa," Simba alisema. "Nyani wa Fisi alikuwa mbovu, na abaki naye. Huyu ni mpya, kazi ya mikono yangu. Nani anamtaka?"

Ngiri aliinua macho kwa Hondohondo apate uchambuzi kwanza. Alipoyashusha, mguu wa Sungura ulikuwa juu zamani.

"Mimi. Namwachia Komba aendelee kulala."

Mzee Nyani hakujipiga kifua. Ndovu wa kwanza alipunga rungu mapema mara tatu, mpaka likamtoka mkongani. Wa pili alisubiri sana, akapunga mara tatu, na kila mara bungo lilikuwa limeshampita. Wa tatu, yule aliyecheka, aliapa kwamba yeye hadanganywi na kizee. La kwanza likazama, la pili likakwepa. La tatu lilikuja polepole, polepole, kama mgeni anayejua chakula bado kiko jikoni. Ndovu alipunga kwa nguvu zake zote, akajizungusha, akakaa chini. Ndipo bungo lilipofika.

Pointi nne kwa Sungura. Moja kwa Ngiri. Mzee Nyani alikunywa pamoja na warushaji kwa muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumwambia afanye haraka.

"Nilisema tangu mwanzo," Hondohondo alitangaza, "lile bega lina siri!"

"Alisema," Ngiri alikubali.

Kila siku, ikifika saa sita, Fisi alisimama mwisho wa foleni akimsumbua aliye mbele yake.

"Ngiri, mpwa wangu, wewe ulinisikia. Nilikiri mbele ya watu wote kwamba nilidanganya! Bega halikuwahi kuoza!"

"Nilikusikia, mjomba," Ngiri alijibu kwa upole. "Lakini hata wewe fikiria. Mchambuzi alisema, mfalme aliliona, na data ilikuwepo. Sasa ghafla unataka tukuamini wewe?"

Akamaliza maji ya kutafuna, akampisha.

Maisha yake yote Fisi alitamani apate walau siku moja ambayo wanyama watalishika neno lake. Walilishika, kuanzia Ngiri hadi mfalme, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuliachia. Nimemwacha hapohapo kisimani, analamba.