Ukoo wa Agosti

Palikuwa na karani mmoja, ndugu zangu, katika nyumba ya yatima iliyokuwa pia shule ya wavulana. Nyumba ilipokaribia kutimiza miaka sabini na mitano, wakubwa walimwita karani huyo, aliyekwisha kustaafu, aandike historia ya nyumba hiyo. Hawakukosea. Aliwajua walimu wakuu wote tisa kwa majina yao kamili, na aliyeweka jiwe la msingi, na hata aliyetoa kengele.

Desturi ya pale ilikuwa hii: mtoto akipokelewa, alipewa jina la mtakatifu wa siku ile, na mwezi aliofika ukawa jina la baba. Ilirahisisha kazi. Ndiyo maana shule ilikuwa na akina Machi, akina Juni, na Desemba wawili wasiopatana.

Siku moja, akiwa anaandika, alipigiwa hodi na seremala mwenye mvi, Alfonsi Agosti, aliyelelewa pale. Karani alifurahi, akamtania kwamba bado anatembea kama bata. Alfonsi akacheka, akakaa, akaeleza shida yake. Mwanawe alikuwa amepata mtoto wa kiume, na kwa desturi mtoto huyo angepewa jina la baba wa babu yake. Wakwe walikuwa wakilingoja.

"Nimewaambia nitalileta Jumapili," alisema. "Siwezi kumwita mjukuu wangu Agosti, Bwana Karani. Wataniuliza, huyo Agosti amezikwa wapi?"

Karani akafungua daftari la mapokezi. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe: tarehe 2 Agosti, mvulana, miaka kama mitatu, shati moja, blanketi moja. Jina, Alfonsi Agosti. Basi.

Hapo akamkumbuka bibi aliyemleta, akamsimulia Alfonsi habari zake. Alisimama barazani akitaja majina, la mtoto, la baba, la babu, polepole, kama mtu anayekabidhi amana. Naye karani alimwambia kwa upole kwamba hayo hayatahitajika.

"Aliyataja?" Alfonsi aliuliza.

"Aliyataja yote."

"Na wewe?"

"Nilikuwa namngoja amalize."

Alfonsi hakugomba. Aliaga kwa heshima, akaenda zake. Jumapili ile mtoto alipewa jina la upande wa mama yake, na Alfonsi akapiga makofi pamoja na wenzake.

Je, karani yule alikuwa mtu mbaya? Hapana. Alimpokea yatima, akahakikisha ana shati na blanketi. Wema nao unaweza kumnyang'anya mtu, ndugu zangu, na hilo sisi hatupendi kulisikia.

Jumanne wataletwa watoto wanne katika nyumba yetu, hapa nyuma ya kanisa. Magodoro yapo, uji upo, nawashukuru. Lakini yupo atakayewaleta, amechoka kwa safari, na ana maneno mengi. Nani kati yetu atakaa naye amsikilize mpaka mwisho? Maana mtu huyo akishaondoka, hatarudi.